Majani Kwenye Shingo ya Nyambala

Lori lilikuwa limeshaziacha nyumba za mwisho za mji, na Sekela Mwambungu alikuwa anamalizia muhogo wake wa kuchoma kwa mkono mmoja, sauti ya Zamu ilipoingia kebini bila hodi.

"Namba yako ni mia moja na kumi na mbili. Utavuka saa nne na dakika kumi na saba."

"Na nikitaka kuvuka na kumi na nane?" Sekela akauliza huku anatafuna.

Zamu haikuwa imefundishwa utani. Ilikuwa imefundishwa kuhesabu, na kazi hiyo iliijua kuliko karani yeyote aliyewahi kuzaliwa.

Kilomita mbili mbele, milima miwili ilikuwa imesogeleana kama madume ya ng'ombe yanayotaka kupigana, na katikati yake kulikuwa na daraja la gari moja moja. Madereva waliliita Shingo ya Nyambala. Lilifunguliwa dakika arobaini kwa wanaoshuka, kisha dakika arobaini kwa wanaopanda, na kila lilipofunguliwa lilipitisha magari mia tatu, si zaidi ya hapo hata pikipiki. La mia tatu likishapita, boriti ya chuma inashuka, na wa ng'ambo wanakuwa wameshaachiwa. Kabla ya Shingo barabara ilikuwa na njia mbili. Ya kushoto ilifika darajani. Ya kulia ilikufa kwenye ukuta uliopakwa rangi ya njano.

Zamani ukuta ule ulikuwa uwanja wa vita. Wenye jeuri walikimbia na njia ya kulia mpaka mwisho, wakaingiza pua mbele ya watu waliopanga foleni tangu alfajiri. Watu walipasuliana taa. Siku moja dereva wa basi alimtoa mwenzake jino kwa spana, na abiria wakashangilia. Ndipo ikaletwa Zamu, mashine ya kupanga foleni. Gari likifika mkiani linapewa namba, na mita mia nane za mwisho Zamu inashika usukani na mwendo, magari yanafuatana kama shanga kwenye uzi. Aliyejitia kwenye njia ya kulia anakaa ukutani akiutazama mpaka daraja lifunguliwe tena. Dereva aliachiwa breki peke yake, kwa sababu sheria ilisema mwanadamu asinyimwe uwezo wa kusimama.

Breki peke yake. Shika hilo.

Zilipobaki mita mia nane, usukani ukakaza mikononi mwa Sekela, kisha ukaanza kuzunguka wenyewe. Hakuzoea kamwe. Alikuwa na miaka sitini na moja, na arobaini kati ya hiyo ameimaliza barabarani, tangu malori yakinywa dizeli na mwanamke akishuka kebini anapigiwa mluzi kila kituo. Akakunja mikono kifuani kama mtu aliyeletewa chakula asichokiagiza. Nyuma yake tani thelathini za saruji zilinyamaza.

Ukutani palikuwa na pikapu kuukuu, imepakia magodoro mpaka juu, kamba zimefungwa na mtu asiyejua kufunga kamba. Dereva wake hakupiga honi. Alikuwa ametoa mkono dirishani, kiganja kimefunguka, akautuliza hapo.

Aliyemfundisha Sekela kazi, mzee mmoja wa Tukuyu asiye na meno ya mbele, alikuwa na neno lake: anayekupigia honi mwache na honi yake, anayekunyooshea mkono ameshajishusha, usimwache huko chini.

Sekela akakanyaga breki.

"Umesimama bila kizuizi," Zamu ikasema.

"Kizuizi kipo. Kina mkono."

Moja, mbili, mpaka sita. Pengo likafunguka, pikapu ikajipenyeza, magodoro yakayumba. Mtu yule akawasha taa zake za nyuma mara mbili, asante ya barabarani, na Sekela akamjibu kwa mara moja, karibu. Akainua mguu. Alivuka Nyambala huku anaimba, na mpaka anashusha saruji yake jioni alikuwa ameshalisahau jambo lenyewe.

*

Barua ya kumwita ilimfikia baada ya wiki mbili. Baraza la Barabara lilikaa kwenye jengo jipya lenye baridi, na mkuu wa shauri alikuwa Bwana Eliamani Urassa, mtu mpole mwenye mafua, leso yake imekaa mezani kando ya mafaili mawili kama la tatu.

"Bi Mwambungu, siku ile unajua nyuma yako walikuwa wangapi?"

"Sikuwahesabu. Mnaohesabu ni nyinyi."

"Mia moja na themanini na wanane." Urassa akagusa meza, na ukutani ikawaka picha ya foleni, kila gari tone la mwanga. "Huyu ni wewe. Huyu ni mwenye magodoro. Ulipomwingiza, kila aliyekuwa nyuma yako alirudi hatua moja. Wewe ulivuka, si ndiyo? Ulichelewa sekunde sita. Basi hukutoa zamu yako, mama. Ulitoa ya huyu."

Tone la mwisho mkiani likageuka jekundu, upande usiofaa wa boriti.

Kwenye benchi la pembeni akasimama mwanaume wa miaka arobaini hivi, kofia mkononi. Akajitaja: Hamidu Ngatunga, fundi wa pampu za maji.

"Nilikuwa namba mia tatu," akasema. "Nimeitazama boriti inashuka mbele ya bampa yangu. Nilikuwa naenda kumzika baba. Walikuwa wamenisubiri mpaka alasiri, lakini maiti hangoji daraja. Nilifika nikakuta majembe yanaoshwa." Akageuza kofia. "Watu wote wa mtaa wametia udongo mara tatu. Hata muuza kahawa. Mimi mwanawe wa pekee sikutia hata chembe."

Sekela alimtazama yule mtu, na ule wimbo aliouimba siku ile darajani ukamrudia.

Urassa akapenga kamasi taratibu, kwa heshima.

"Sasa, mama, sheria inajua kwamba mwili ni mwili. Mguu huteleza. Kuteleza kunasamehewa mara moja kwa mwaka. Ukisema mguu uliteleza, naandika, unakwenda zako. Ukisema ulikusudia, huo ni wizi wa zamu, na usukani wa lori lako unang'olewa."

Sekela aliyajua malori yaliyong'olewa usukani. Yalitembea vizuri tu. Zamu iliyaongoza tangu getini hadi getini, na dereva wake akageuzwa mwangalizi, anakaa kebini na kopo la chai, mbele yake kipo kishimo kilichofunikwa kwa plastiki. Wawili aliowafahamu walinenepa. Wa tatu aliacha kazi akawa haongei.

"Andika nilikusudia," akasema.

"Mama, nakutafutia mlango wa kutokea."

"Nimeuona, baba. Ni mfupi, utanilazimisha niiname."

Kisha akamgeukia Hamidu. "Mwanangu, pole. Na nisikilize. Mguu ungekuwa umeteleza, usingekuwa na mtu wa kumlaumu, ungekuwa umekosewa na kiatu. Mimi nilikanyaga breki kwa akili zangu. Kwa hiyo nimekukosea mimi, Sekela, na jina langu unalo."

Hamidu akarudi kuketi kwenye benchi.

Urassa akatazama dari, akatazama leso. "Kwa kuwa ni mara ya kwanza, siku thelathini za uangalizi," akasema mwisho. "Usiguse breki pale Nyambala bila sababu, na usukani utabaki. Ukigusa tena, sitakuita hata hapa. Watakuja na bisibisi."

Nje, chini ya ukingo wa paa, Hamidu alikuwa ananawa uso kwenye bomba. Sekela angeweza kupita. Hakupita.

"Wewe mama ni mkarimu sana," Hamidu akasema bila kugeuka.

"Usinidhihaki."

"Kwa nini nisikudhihaki? Umechinja kuku wa jirani, wageni wanakusifu wewe kwa mchuzi."

Neno lile lilimwingia. "Ulitaka nifanyeje? Nimwache na mkono wake hewani?"

"Ungetoka wewe. Ungempa nafasi yako, ukakaa ukutani wewe. Hapo ningekuita mkarimu, na mimi ningemzika baba yangu."

"Zamu hairuhusu mtu kutoka kwenye foleni."

"Kwani kumwingiza yule iliruhusu?"

Akafunga bomba, akavaa kofia, akaondoka. Sekela, mwanamke aliyewajibu maaskari wa nchi tatu mpaka wakacheka, akalifungua tena bomba, naye akanawa uso.

*

Siku ya ishirini na sita alifika Nyambala mapema, namba tisa, daraja likiwa bado la wa ng'ambo. Foleni ilisimama. Boriti ingeinuka baada ya dakika saba. Zamu ilikuwa imeshashika usukani wake, nao ulitetemeka kidogo kama mbwa anayesubiri kutumwa.

Siku nne. Alikuwa anazihesabu kwa vidole kama mtoto anayengoja sikukuu. Siku nne za kutogusa breki, na usukani ungebaki wake mpaka kaburini.

Pale ukutani, sambamba na dirisha lake, kulikuwa na gari dogo la kijani. Dereva wake mwanamama wa makamo, rola za nywele kichwani, kitambaa kimeshindwa kuzificha. Alikuwa ametoa mkono nje. Kiganja kimefunguka.

Sekela akaangalia mbele. Akaangalia muhogo wake. Mkono ulikuwa bado pale.

"Unawahi wapi, dada?" akauliza mwisho, karibu kwa hasira.

"Siwahi popote, mama. Sijui njia hizi. Nilidhani hii ya kulia nayo inakwenda, halafu nikaona haya kurudi nyuma, watu wote wananitazama na hizi rola."

"Hata mgonjwa huna?"

"Sina. Ningekudanganya, lakini umeniuliza vizuri."

Laiti angekuwa na mgonjwa, mambo yangekuwa mepesi. Hakuwa na lolote isipokuwa mkono. Sekela akatazama kwenye kioo: nyuma yake lori la maziwa, nyuma ya lori la maziwa basi, na nyuma ya basi vichwa na vichwa mpaka kilima kinavimeza. Mmojawapo kule mkiani ni namba mia tatu, naye ana baba, au mtihani, au hana kitu na anataka tu kufika. Kuku wa jirani.

Kushoto, mita kumi mbele, palikuwa na egesho la dharura, kipande cha lami pembeni mwa mwamba, cha kutosha lori moja.

Akafungua mlango, akashuka, akaenda mpaka kwenye lori la maziwa. Dereva wake alikuwa Fungameza, mtu mnene waliyejuana tangu enzi za matope.

"Fungameza, boriti ikiinuka, shika breki sekunde sita."

"Mama Sekela, leo umekula nini?"

"Mimi natoka, naingia pale egeshoni. Yule dada wa kijani anaingia palipokuwa pangu. Usipobana, Zamu itakusogeza uzibe nafasi, naye atabaki. Ukibana, tisa anabaki tisa, wewe kumi ni kumi, na wa mia tatu ni mia tatu. Hakuna anayerudi nyuma hata kidole."

Fungameza akahesabu kwa midomo, akarudia, akakuta ni kweli. "Na usukani wako? Si bado siku nne?"

"Najua ni nne."

"Na mimi wakiniita?"

"Sema mguu uliteleza."

"Mguu nimeshautelezesha mwezi wa tatu." Akakuna shingo. "Sita tu?"

"Sita."

"Haya. Lakini ukihesabu polepole kama wanawake wa kwenu wanavyopika ndizi, nitakuacha."

Boriti ikainuka. Foleni ikaanza kuvutwa. Juu ya kichwa cha Sekela kulikuwa na kishikio chekundu kilichofungwa kwa lakiri. Ukikivuta, usukani unarudi kwa mwenyewe. Alikivuta, lakiri ikakatika.

"Taja dharura," Zamu ikasema. "Moto, maradhi, au uzazi."

"Nampisha mtu."

"Hiyo haimo."

"Iingizeni."

Usukani ukalegea mikononi mwake, mzito, wa moto, wake. Akaukata kushoto kwa mikono yote miwili, tani thelathini zikaguna, lori likaingia egeshoni pua ikakaribia kulamba mwamba. Kwenye kioo akaliona lori la maziwa limebana breki, limekaa pale pale, na gari la kijani likijipachika mbele yake kama jino bandia linaloingia mahali pake. Yule dada alipita dirisha limefunguliwa, rola zinatikisika.

"Sasa wewe je, mama?" akapaza.

"Mimi nipo. Nenda."

Sekela akachukua panga chini ya kiti. Kandoni kulikuwa na vichaka. Akakata matawi matano mabichi, akayapanga nyuma ya lori, moja moja, kila hatua kumi. Hii ndiyo alama ya barabara za kwetu tangu kale, kabla ya pembetatu nyekundu: ukikuta majani barabarani, mbele yako kuna mwenzako amesimama, punguza, mpite kwa adabu. Kisha akakaa kwenye ngazi ya kebini, akachukua muhogo wake, akawatazama wanaopita.

Wengine walidhani ameharibikiwa, wakapunga pole. Wengine walikuwa wameshasimuliwa redioni na Fungameza, ambaye mdomo wake haukuwa na breki ya aina yoyote, na hao walipita wakiwasha taa mara mbili. Mmoja alimwita mchawi. Kikaja kimashine cha kufagia, kidogo kama mbuzi, kikayaokota matawi yote matano kama takataka. Sekela akasimama, akakata mengine.

Boriti ilipoteremka, sauti ya Zamu ikatoka kebini, mlango ukiwa wazi.

"Zamu ni mali ya barabara. Umeitoa bila idhini."

"Nimemnyima nani? Nitajie namba yake."

Zamu ikahesabu. "Waliopangwa kuvuka, mia tatu. Waliovuka, mia tatu. Walionyimwa, hakuna."

"Basi?"

"Kosa limeandikwa."

Sekela akacheka mpaka akashika ngazi. Ilikuwa imesema yenyewe, kwa mdomo wake, na mlima ulikuwa shahidi. Siku zote walimwambia hii kazi ni haki. Sasa alijua ni hesabu, na kwamba hesabu ilikuwa sahihi, na bado alikuwa na kosa.

Dakika arobaini zikapita. Foleni mpya ikajipanga, boriti ikainuka. Sekela hakuwa na namba tena. Akapanda kebini, akatoa mkono dirishani, akafungua kiganja. Lilikuwa jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa miaka arobaini, na mkono uliona aibu, ukataka kurudi ndani. Akaukataza.

Yakapita magari kumi na saba. La kumi na nane, Canter ya mbao, likapunguza. Dereva wake mwenye ndevu nyeupe nusu, asiyemfahamu, akaona majani, akaona mkono, akaliona lori.

"Wewe ndiye uliyekataa kuteleza?"

"Ndiye mimi."

"Toka, mama. Ni zamu yangu ya kukaa."

Akanyoosha mkono juu ya kichwa, Sekela akasikia lakiri ikikatika, na aliye nyuma ya Canter akabana breki. Sekela akaingia kwenye nafasi ile, akamwachia yule mzee egesho na matawi, yalikuwa bado mabichi.

*

Usukani wa Sekela Mwambungu uling'olewa Jumanne iliyofuata na mafundi wawili waliomwomba radhi. Hakukubali kuwa mwangalizi. Usukani aliuchukua, upo nyumbani kwake Uyole, umetundikwa jikoni juu ya sufuria. Anapika mihogo kituoni na kuwauzia madereva.

Fungameza aliitwa barazani. Alisema hakuteleza. Naye aling'olewa usukani. Sasa ana ng'ombe wawili na analalamika juu ya wote wawili.

Mwenye Canter ya mbao alimwachia egesho mwenye basi dogo, naye akamwachia mwingine, mpaka saa kumi na mbili jioni foleni ilipokuwa fupi na wa mwisho akavuka bila kumwomba mtu. Siku ile egesho lilikaliwa na magari kumi na moja. Mwaka ule, mia nne na kitu. Baadaye baraza liliweka mawe pale egeshoni. Madereva wanayasogeza.

Bwana Urassa alihamishwa. Mafua hayajapona.

Mwenye magodoro hakuwahi kujulikana. Inadhaniwa alifika.

Dada wa rola alikuwa anakwenda kwenye arusi ya shemeji yake, siku moja kabla ya siku yenyewe. Alikosea na tarehe pia.

Hamidu Ngatunga amepita Nyambala mara tatu tangu pale. Mara mbili alivuka. Mara ya tatu alikaa egeshoni dakika arobaini, majani nyuma ya gari lake, akimpisha mtu ambaye hakumuuliza safari yake. Hajawahi kwenda Uyole.

Zamu bado inafanya kazi. Majani inayaandika kama takataka.